Nikikataa kumpokea bibi huyu, nitakuwa nimeukataa msalaba?

Shikamoo, Mama Mshauri. Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 38, nimeolewa na tuna watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 15. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili nikimweleza mtu yeyote kanisani ataona nimerudi nyuma, na mume wangu amekwisha kusikia manung'uniko yangu ya kutosha.

Niliokoka nikiwa msichana. Andiko lililonishika tangu siku hizo ni Luka 9:23: “Mtu yeyote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku, anifuate.” Nililichukua kama lilivyo. Niliamua kwamba maisha yangu yatakuwa ya kutumika na sitamkatalia mtu. Nafundisha shule ya Jumapili, niko kwenye kamati ya kutembelea wagonjwa, ni mhazini wa umoja wa akina mama, na ukitokea msiba simu ya kwanza huja kwangu. Nilikuwa napenda sana kushona. Nikaona hiyo ni nafsi inayodai mambo yake, cherehani nikampa dada mmoja aliyeihitaji. Kazi ya kuajiriwa ninayo pia, natoka asubuhi na kurudi jioni kama watu wengine.

Sasa hapa kanisani tuna bibi mjane, umri wake umepita miaka 80. Alivunjika nyonga, hatembei bila kushikwa, na usiku huamka mara kwa mara. Ndugu aliyekuwa akikaa naye amehama. Ana watoto wawili walio mbali na watu husema hawamjali. Wazee wa kanisa walinikalisha, wakaniambia wameomba na jina lililowajia ni langu. Wanataka bibi ahamie kwetu. Nilijibu kwamba nitaliombea, nao wakanipa mpaka mwisho wa mwezi. Tulipokuwa tunaachana, mzee mmoja ninayemheshimu sana akanishika mkono, akasema nisije nikawa kama yule kijana tajiri aliyeondoka kwa huzuni.

Nilimweleza mume wangu. Akasema, “Mimi sijakataa. Ila sijaulizwa.” Hakuongeza neno. Binti yangu naye akaniambia, “Mama, watu wa kanisani unawasikiliza mpaka wamalize. Mimi nikianza kuongea unashika simu.” Nikamkemea kwa kukosa adabu. Halafu nikajifungia bafuni nikalia.

Mama, nikueleze lile linalonitisha. Nimeanza kuwachukia watu ninaowahudumia. Juzi mgonjwa mmoja alinipigia, nikaitazama simu ikiita mpaka ikakata, na nikafurahi. Nawahesabu wasionishukuru, nawajua kwa majina. Nikipiga magoti sina la kusema. Na bado, wale wazee waliponiambia kwamba jina langu ndilo lililowajia, moyoni nilisikia raha. Sijui hii ni raha ya namna gani.

Kila nikifikiria kusema hapana, nakumbuka Mathayo 10:38, kwamba asiyechukua msalaba wake na kumfuata Bwana hamstahili. Nikifikiria kusema ndiyo, mwili unaniishia nguvu. Naomba uniambie, nikikataa kumpokea bibi huyu nitakuwa nimeukataa msalaba?

Mtumishi aliyechoka

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Amina, Bwana asifiwe.

Nimeisoma barua yako yote, nikarudia tena ile sehemu ya simu iliyoita mpaka ikakata. Umeandika kwamba ndiyo inayokutisha. Mimi nimeiona kama mahali ulipoanza kusema kweli, na mtu anayeweza kusema kweli kuhusu moyo wake bado yuko karibu na Mungu, hata kama magoti yake hayatoi neno.

Umeniuliza kama kumkataa bibi ni kuukataa msalaba. Ninavyokusikia, hilo limebeba maswali mengine ndani yake. Umepewa ombi zito na watu unaowaheshimu, likiwa limefungwa ndani ya andiko, ukapewa na tarehe. Mumeo anaona amerukwa. Binti yako anakutaka. Na wewe mwenyewe unagundua kwamba ule upendo uliokuingiza kwenye huduma umegeuka uchungu, na hujui ulipotelea wapi. Hayo ni mengi kwa mtu mmoja, na sidhani yatatatuliwa yote kwa ndiyo au hapana moja kuhusu bibi.

Tuanze na yule kijana tajiri, maana naona maneno ya mzee yamekuchoma. Habari yake iko Marko 10. Aliombwa auze vyote awape maskini, akaenda zake kwa huzuni. Lakini Bwana hakumpa kila mtu agizo hilo. Zakayo alitoa nusu ya mali yake, na Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Katika Marko 5 yuko mtu aliyetolewa pepo, akamsihi Bwana amruhusu awe pamoja naye. Akakatazwa! Akaambiwa aende nyumbani kwake, kwa watu wa kwao. Ndivyo ilivyo: mmoja anaitwa aache nyumba, mwingine anataka kuiacha anarudishwa. Neno lililomfaa kijana yule alilisema aliyemjua mpaka ndani, na Marko anaandika kwamba kabla ya kulisema “akamkazia macho, akampenda.” Mzee wako huenda anakupenda pia, na wazee hao huenda waliomba kweli. Ila sauti ya kikao cha wazee na sauti ya Bwana si lazima ziwe moja kila mara, na kuzipima si uasi. Hata Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, aliambiwa na mkwewe Yethro kwamba jinsi anavyowaamua watu peke yake toka asubuhi mpaka jioni si vyema, atadhoofika yeye na watu walio pamoja naye. Musa akasikia.

Usiifunge Marko 10 hapo kwa kijana tajiri. Endelea kusoma. Yakobo na Yohana wanamjia Yesu na ombi, naye anawauliza, “Mwataka niwafanyie nini?” Wanataka viti vya kulia na kushoto katika utukufu wake. Hapo ndipo anapowafundisha kwamba Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa bali kutumika. Wanatoka Yeriko, kipofu Bartimayo anapiga kelele, na Yesu anamuuliza swali lile lile: “Wataka nikufanyie nini?” Kipofu! Kila aliyekuwa pale aliweza kukisia jibu. Bwana akauliza hata hivyo, akamwacha mtu aseme haja yake kwa kinywa chake.

Mwanangu, katika barua yako yote sijaona mahali ambapo bibi ameulizwa. Wazee wamekaa, wameomba, wamekuita. Wewe umelia bafuni. Watoto wake wamesemwa. Yeye mwenyewe anataka nini? Huenda angependa kubaki kwenye kitanda chake alichokizoea, mtu akaja kulala naye usiku tu. Pengine anatamani kwenda kwa mmoja wa hao watoto na hajapata wa kumsaidia kulisema. Inawezekana pia kabisa kwamba anakutaka wewe. Sijui, na nadhani wewe pia hujui. Huduma inayoanza bila swali hilo, hata ikiwa ya upendo, humfanya mtu mzima kuwa kifurushi cha kuhamishwa. Nakusihi uende ukakae naye, bila kuahidi chochote, umsikilize.

Sasa nirudi kwenye kujikana, kwa upole kabisa. Umeandika kwamba cherehani ulitoa kwa sababu uliona nafsi inadai mambo yake. Nani alikuambia kwamba kushona ndiyo nafsi aliyoitaja Bwana? Pengine ni kweli kwako, sitakuhukumu, na kumpa dada mwenye haja ni jambo zuri. Lakini angalia lile ulilolisema mwishoni, ile raha uliyoisikia jina lako lilipotajwa. Kuifurahia imani ya watu si dhambi. Nauliza tu: je, yawezekana kwamba miaka hii yote umeikana ile nafsi inayopenda kitambaa na uzi, ukailisha ile inayotaka kuwa mtu ambaye kanisa haliwezi kwenda bila yeye? Kama ni hivyo, basi kwako kusema “ndugu zangu, hili siliwezi peke yangu” mbele ya wazee kunaweza kuwa kujikana kugumu kuliko kuamka usiku na mgonjwa. Lipime wewe na Mungu wako. Mimi niko nje, naona karatasi tu.

Yohana 13 inanisaidia sana hapa. Kabla Yesu hajajifunga kitambaa na kutawadha miguu ya wanafunzi, Yohana anatuambia alichokuwa anajua: kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Aliinama akiwa hana cha kuthibitisha kwa mtu. Akatawadha hata miguu ya Yuda, ambaye hakumshukuru. Wewe unawahesabu wasiokushukuru, na sikulaumu, kwa sababu mtu anayetumika ili apate kujua kama anastahili ni lazima ahesabu. Shukrani ndiyo mshahara wake. Ile Mathayo 10:38 unaisikia kama mtihani wa kila siku ambao unaweza kuufeli kwa hapana moja. Ila Petro alimkana Bwana mara tatu, na aliitwa tena. Na usiku ule wa kutawadhwa, Petro alikataa kuoshwa, akaambiwa kwamba asipokubali hana shirika naye. Kuna mtu yeyote anayekuosha miguu wewe? Ukipewa msaada, unaupokea, au unasema “niko sawa”?

Bwana mwenyewe alijitenga. Marko 6 inasimulia kwamba watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata wanafunzi hawakupata nafasi ya kula, akawaambia waende kwa faragha wakapumzike kidogo. Katika Marko 1 Simoni anamfuata na kumwambia watu wote wanamtafuta, naye anajibu twendeni mahali pengine. Wagonjwa wa mji ule hawakuwa wamekwisha. Eliya alipotamani kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Uchovu wako huo, unaochanganyika na kulia na kukosa hamu ya kuomba, tafadhali ukamwone pia daktari. Si kila ukavu wa moyo ni wa kiroho.

Nije kwenye uamuzi. Sitakuchagulia, ila nitakuonyesha ninachokiona kila upande.

Kumpokea bibi ni jambo lenye heshima kubwa katika imani yetu, sitaki mtu asome safu hii akaona nalipuuza. Msalabani Yesu alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Paulo pia, katika 1 Timotheo 5:16, anamwambia mwanamke aaminiye mwenye wajane awasaidie, kanisa lisilemewe. Nyumba yenye mzee ndani hubarikiwa kwa namna ambazo hazionekani mwanzoni, na watoto hujifunza utu kwa kuuona. Lakini ujue unachokubali. Mtu aliyevunjika nyonga anahitaji kushikwa akienda chooni, usiku na mchana, na akianguka tena madhara huwa makubwa. Kumwinua vibaya kunaumiza mgongo wa anayemhudumia. Ikifika siku hawezi kujigeuza kitandani, atahitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa 2 ili ngozi isichubuke ikaota vidonda. Wewe unakwenda kazini. Nani atakuwa naye mchana? Binti wa miaka 15? Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwamba msalaba uliouchukua wewe utaishia mgongoni mwa mtoto ambaye hakuulizwa, na uchungu ambao sasa unauelekeza kwenye simu utauelekeza kwa bibi asiye na kosa. Mzee dhaifu huhisi haraka sana kwamba anachukiwa.

Kukataa pia kuna gharama. Bibi bado atakuwa peke yake usiku. Unaweza kuandamwa na hatia, na wengine watasema. Zaidi ya hayo, hapana inayotoka kwenye uchungu inaweza kukufungia moyo usimsaidie mtu yeyote tena. Ukiamua hivyo, naona ni afadhali iwe hapana inayosema na unachoweza, kwa mfano usiku mmoja kwa juma ukalale kwake, kuliko hapana ya kukimbia.

Kuna njia ya katikati, na nashangaa wazee hawakuianza nayo, kwa sababu kanisa la kwanza lilipata shida ya namna hii hii. Matendo 6: wajane walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakumtafuta dada mmoja mwenye moyo mzuri. Waliliita kanisa zima, wakachaguliwa watu 7 walioshuhudiwa kuwa wema, Stefano akiwa mmojawapo, wakawekewa mikono kwa kazi hiyo. Na Paulo, katika sura ile ile ya 1 Timotheo 5, anasema mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao ndio wajifunze kwanza kuwatendea jamaa yao wenyewe. Je, kuna mzee wa kanisa aliyewatafuta watoto hao wawili na kuongea nao, au tunaishi na “watu husema”? Unaweza kwenda kwa wazee na kuwauliza hilo. Uwaulize pia nani atalala na bibi siku zipi, nani atamshika mchana, dawa zitagharimiwa na nani, na kama akija kwenu, ni kwa muda gani kabla ya kukaa tena kuangalia hali. Majina yaandikwe. Hatari ya njia hii unaijua: juma la kwanza watu hujaa, mwezi wa pili unabaki wewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kanisani pia hutokea. Kwa hiyo kama utaichagua, mkubaliane tangu mwanzo itakuwaje mtu asipotokea zamu yake.

Na lolote utakaloliongeza, utaondoa nini? Uhazini, shule ya Jumapili, kamati? Hilo nalo waambie wazee wazi. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Alikuwa anazungumzia changizo, lakini nadhani usingizi na mgongo wa mtu vinahusika pia. Kama mwisho wa mwezi ni karibu mno, omba muda zaidi. Kama ombi hili linatoka kwa Mungu, majuma mawili ya kuuliza na kusikiliza hayataliharibu.

Kuhusu mumeo, alichokuambia kina mlango ndani yake. Hakusema hapana. Alisema hajaulizwa. Muulize basi, bila Biblia mkononi na bila kumletea uamuzi uliokwisha kupikwa. Atakayeamka usiku ni yeye pia. Pengine atakushangaza kwa kukubali, pengine ataeleza mambo ya nyumbani kwenu ambayo amekuwa akiyameza kwa miaka. Yote mawili unayahitaji kabla ya kuwajibu wazee.

Binti yako usimsubirishe mpaka suala la bibi liishe. Alikuambia jambo gumu kwa mama, na alilisema akiwa bado anataka kusikilizwa. Watoto wengi wa umri wake wamekwisha kuacha kujaribu. Mwite, mwambie kwamba siku ile ulimkemea naye alikuwa na hoja, umuulize alikuwa anataka kukuambia nini. Simu iache chumba kingine. Ikiita ukiwa naye, iite, na safari hii usijihesabie kosa.